Mabakuli ya Kaole

Ukiiacha barabara ya Bagamoyo pale Mtongani na kushuka kuelekea bahari ya Kunduchi, unapita machimbo ya mawe, halafu nyumba zenye kuta ndefu, halafu harufu ya samaki wa kukaanga kutoka soko la wavuvi. Kisha vinaanza vichaka na mibuyu. Ndani ya vichaka hivyo kuna msikiti uliobomoka na makaburi ambayo mengi yake ni ya karne ya 18. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na baadhi yana nguzo kichwani, ndefu kupita mtu aliyesimama na mkono juu.

Nilikwenda kuziangalia nguzo hizo kwa sababu ya kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakipo tena. Mafundi wa zamani walikuwa wakipachika sahani na mabakuli ya China kwenye lipu ingali mbichi, yakatazama nje kutoka ubavuni mwa nguzo. Leo ukisimama mbele yake unaona matundu ya duara, laini kwa ndani, kila moja likiwa na kipimo kamili cha bakuli lililokuwamo. Pengine kitako cha bakuli kimebaki kimeng'ang'ania chokaa, maana aliyekuja kuling'oa alilivunja badala ya kulitoa zima. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu moja. Fundi alikuwa amelisawazisha vizuri sana, na uchungu niliousikia ulikuwa kwa ajili yake kwanza, kabla ya marehemu.

Bakuli la namna hiyo lilikuwa mali. Lilifinyangwa Jingdezhen au Longquan, likapita bandari za Bahari ya Hindi na mikono ya wafanyabiashara wengi, likasukumwa na pepo za kaskazi hadi huku. Katika nyumba za mawe liliwekwa kwenye kidaka cha ukutani ili mgeni alione akiketi. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipotembea katika pwani ya Tanganyika alistaajabia wingi wa vigae vya kauri ya China vilivyotapakaa ardhini, akaandika kwamba historia ya nchi hii iliyofukiwa, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri hiyo. Kulitoa bakuli hilo kidakani na kulitia kwenye kaburi maana yake ni kwamba waliobaki walikubali kulikosa. Hakuna atakayekula chakula ndani yake tena wala kulirithi. Ni la aliyelala pale.

Nilikuwa nimetoka kusoma habari za makaburi ya wafalme wa China kwenyewe, na ndizo zilizonitoa nyumbani. Julai 1928, miaka kumi na sita baada ya nasaba ya Qing kuanguka, jemadari mmoja aliyeitwa Sun Dianying aliwapeleka askari wake kwenye makaburi ya Qing ya mashariki huko Zunhua. Walilipua milango ya mawe kwa baruti, wakaingia kwa mfalme Qianlong na kwa Cixi, mama mtawala aliyefariki 1908. Maiti yake ilitolewa ndani ya jeneza na lulu zake zikabebwa. Sun hakuadhibiwa. Puyi, mfalme wa mwisho, wakati huo alikuwa akiishi Tianjin bila enzi, na habari hiyo ilimuumiza kuliko hata kule kuondolewa kitini.

Hakuwa wa kwanza kuumizwa hivyo. Nasaba ya Song ilipoangushwa na Wamongolia mwaka 1279, mtawa mmoja mwenye cheo chini ya watawala wapya, Yang Lianzhenjia, aliyafukua makaburi ya wafalme wa Song karibu na Shaoxing. Fuvu la mfalme Lizong lilifanywa kikombe cha kunywea. Karibu miaka mia baadaye, Wamongolia nao walipoondolewa, mwanzilishi wa nasaba ya Ming alilitafuta fuvu hilo na kulizika upya. Mwaka 1644 ikawa zamu ya Ming: jeshi la waasi la Li Zicheng liliteketeza majengo kwenye makaburi yao kaskazini ya Beijing. Na Qing, waliochukua nchi baada ya hapo, waliyakarabati makaburi ya hao hao waliowarithi na kuyawekea walinzi. Hapo kuna siasa, sikatai. Anayemzika vizuri mfalme aliyepita anajitangaza kuwa mrithi wake halali. Lakini makaburi yalisimama.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Wanli, aliyetawala kuanzia 1572 hadi 1620. Kaburi lake, Dingling, lilifunguliwa na wataalamu miaka ya 1950. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vijana wa Walinzi Wekundu waliitoa mifupa yake na ya wake zake wawili, wakaichoma moto hadharani. Vigae vya bluu na nyeupe vya enzi ya Wanli vimeokotwa katika pwani yetu, na vipo makumbusho. Yeye mwenyewe hana hata mfupa.

Kutoka Kunduchi nilirudi barabarani nikapanda gari la Bagamoyo. Tegeta, Wazo na vumbi la saruji, Bunju, Mapinga, Kerege: miaka ya karibuni mji wa Dar es Salaam umeifuata barabara hii karibu mpaka mwisho. Viwanja vimepimwa, kuta zimeinuliwa. Abiria aliyeketi kando yangu, mama wa makamo mwenye kikapu cha maembe, aliposikia naenda Kaole aliniuliza kama nina nadhiri. Nikamwambia hapana, naenda kutazama tu. Akanyamaza kidogo, kisha akanishauri, kwa upole, ninunue ubani hata kama naenda kutazama tu.

Kaole iko kilometa chache kusini ya mji wa Bagamoyo. Bodaboda ilinishusha kwenye kibanda cha mapokezi. Mzee aliyenitembeza aliipokea shikamoo yangu, akaniuliza natoka wapi na nyumbani hawajambo, ndipo akachukua fimbo yake. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi yapatayo thelathini, ya kati ya karne ya 13 na ya 16, ingawa watu waliendelea kuzikwa hapa baadaye. Neville Chittick aliyechimba hapa mwaka 1958 ndiye aliyeutoa mji huu chini ya vichaka. Mbuyu uliopo umeshinda umri wa mtu yeyote kuusimulia, na wageni wanaambiwa wauzunguke ili wajiongezee miaka.

Nguzo za Kaole zimenenepa kuliko za Kunduchi, na iliyo ndefu inafika kama meta tano. Nazo zina yale matundu. Mzee alinionyesha kwa ncha ya fimbo, bila kuligusa jiwe, moja baada ya jingine: hapa palikuwa na bakuli, na hapa, na pale juu. Baadhi ya vyombo vilitolewa na wahifadhi vikapelekwa makumbusho, na hapa Kaole kwenyewe kuna chumba chenye kauri za China ndani ya kioo. Vingine viliondoka na watu ambao hawakuacha risiti. Nilimuuliza ni akina nani hao. Akasema: wageni wa zamani, wenyeji wa zamani, na wengine si wa zamani sana.

Kuhusu vile vilivyopelekwa makumbusho nina maoni yangu. Kuvitoa ilikuwa lazima, vinginevyo vyote vingekwisha kwa tindo za usiku. Lakini bakuli lililotolewa kwenye kaburi linapaswa kuandikiwa jina la kaburi lake, na upande wa nguzo lilipokuwa, na picha ya tundu lililobaki ibandikwe kando yake. Likiandikwa tu kwamba ni kauri ya China ya karne fulani, linarudi kuwa bidhaa ya dukani, kama vile halikupata kupewa mtu.

Tulipofika kwenye kaburi la Sharifa, mzee alivua kandambili zake, nami nikavua viatu. Hili ni kaburi la msichana ambaye watu wanamsimulia kuwa alikuwa mcha Mungu na dua yake ilipokelewa. Mpaka leo wanakuja kumzuru, na siku ile pia palikuwa na majivu ya ubani na chupa ya marashi iliyokuwa imekwisha. Wengine wanaweka sarafu. Wako wanazuoni wanaokataza ziara za namna hii na sina elimu ya kuwajibu. Nilichokiona ni hiki: kaburi la Sharifa limefagiliwa, na lipu yake imezibwa nyufa. Hatua chache kutoka pale yamelala makaburi makubwa kuliko lake, ya watu ambao bila shaka walikuwa na majahazi na watumwa na sauti katika mji, na mizizi inayapasua kimyakimya. Mtawala hana anayemjia. Msichana ana wageni kila wiki.

Hapo ndipo niliposhika tofauti ya pwani hii na ile habari ya Zunhua. Huku hakukuja jemadari na baruti. Kaole haikuangushwa makaburi yake kwa usiku mmoja. Bandari yake ilizibwa na mikoko na tope, vyombo vikahamia pwani ya wazi ya Bagamoyo, na waliokuwa wakisema "huyu ni babu yetu" wakahamia pamoja navyo. Kuanzia siku hiyo bakuli la nguzoni likawa halina mwenyewe, na mtu yeyote mwenye tindo angeweza kujiambia kwamba haibi. Naamini hivyo ndivyo makaburi mengi ya watawala yanavyokufa, hata huko China: baruti ya Sun Dianying ilifika kwenye makaburi ambayo mishahara ya walinzi wake ilikuwa imekatika siku nyingi.

Watawala wa upande huu walibadilika mara nyingi. Washomvi, ambao masimulizi yao yanawatoa Barawa, walikuwa na majumbe wao Bagamoyo, Kaole, Kunduchi na hadi Mzizima, na waligawana ushuru na Wazaramo wa bara. Juu yao akaja Sultani wa Unguja na liwali wake na askari wake wa Kibaluchi. Burton na Speke walipoanza safari ya maziwa makuu mwaka 1857 walishukia Kaole hii hii, ikiwa tayari ni kijiji chenye ngome ndogo kando ya magofu. Halafu 1888 kampuni ya Wajerumani ikapandisha bendera, na Abushiri bin Salim na majumbe wa pwani wakainuka. Mei 1889 Hermann von Wissmann alilivunja boma la Abushiri nje ya Bagamoyo. Desemba 15 mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Mjini Bagamoyo, karibu na ufuko, wako Wajerumani waliokufa katika vita hivyo na miaka iliyofuata. Makaburi yao yamezungushiwa ukuta mweupe, mawe yana majina, vyeo na tarehe, na nyasi zimekatwa. Sioni ubaya wa kutunzwa kwake. Wale walikuwa vijana, wengi walikufa kwa homa, na mama zao hawakuyaona makaburi. Lakini hatua chache kutoka hapo kuna mnara mdogo unaoonyesha mahali Waafrika waliponyongwa, na huo una maelezo ya tukio bila jina la mtu hata mmoja. Nilisimama kati ya hizo sehemu mbili muda mrefu, nikitamani orodha.

Kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, bado upo mnara wa kanisa ulikolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake Chitambo, katika Zambia ya leo, wakaukausha mwili kwa jua, wakauvisha magome ya mti na kuubeba miezi mingi hadi pwani. Walificha walichobeba kwa sababu vijiji vingine vilikataa maiti kupita. Ukifikiria heshima waliyomfanyia mgeni, halafu ufikirie mwaka 1898, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe na Wajerumani wakamkata kichwa wakakipeleka kwao, unaona jinsi maiti ya mtawala inavyoweza kuwa nyara. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliidai kwa jina fuvu hilo. Lilirudi 1954, mikononi mwa gavana Edward Twining, na liko Kalenga. Mwili uko Mlambalasi. Wahehe wanazuru kote kuwili.

Kutoka Bagamoyo, jua likiwa safi, wavuvi wanakuambia Unguja iko pale, ng'ambo. Huko ndiko kwenye jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Januari 12, 1964 usultani uliondolewa kwa mapinduzi yaliyomwaga damu nyingi, na Sultani Jamshid bin Abdullah akakimbilia baharini. Jumba la wafalme likawa la serikali, na 1994 likafanywa makumbusho. Lakini kando yake, katika bustani inayotazama bahari, makaburi ya masultani yapo: Said bin Sultan aliyefia baharini 1856, na Majid, na Barghash, na waliofuata. Majid alianza kumjengea baba yake kuba juu ya kaburi, na wanazuoni wa Kiibadhi ndio waliozuia, kwa kuwa hawakuona kaburi linastahili fahari hiyo. Ujenzi ukabaki nusu hadi leo. Katika yote yaliyofanyika mwaka ule wa 1964, na yalikuwa mengi na mabaya, hakuna aliyewafukua. Jamshid mwenyewe hakulazwa nao. Alifariki Oman Desemba 2024, na huko ndiko alikozikwa.

Nimejiuliza kwa nini hawakufukuliwa, wakati chuki ilikuwapo na majembe yalikuwapo. Jibu ninaloweza kulisimamia ni kwamba waliopindua na waliopinduliwa walizikwa kwa sala ile ile, wakaelekezwa kibla kile kile, wakasomewa khitma na walimu ambao mara nyingine walikuwa wale wale. Mtu anaweza kumkataa mfalme akiwa hai na bado akaona aibu kumgusa akiwa ndani ya mwanandani. Aibu hiyo iliyazuia yale majembe, na sheria yoyote ilikuja nyuma yake.

Siku ya mwisho niliteremka hadi Mlingotini, mbele ya Kaole, karibu na Mbegani. Huku ndiko ilikopangwa kujengwa bandari kubwa: Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja nchini, mkataba wake ulitiwa saini na kampuni ya China, na mwaka 2019 serikali ikakataa masharti yake na mradi ukasimama. Baadaye ulianza kuzungumzwa tena kwa sura nyingine. Ardhi ya vijiji hivi imehesabiwa na kuhesabiwa upya, na katika ardhi kuna makaburi. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969: ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, ndugu wanajulishwa, mabaki yanatolewa na kuzikwa upya kwa heshima, na gharama inalipwa. Yale ya kale yana sheria nyingine, ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda majengo ya kabla ya 1863.

Nilimweleza haya mzee mmoja aliyenikaribisha barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa.

"Hiyo ya kwanza tunaijua, mwanangu. Inataka ndugu ajitokeze. Sasa kaburi lisiloandikwa, ndugu atalionyesha vipi?"

Nikamwambia atalionyesha kwa ushahidi wa wanaolijua, na kwamba ingefaa waandike mapema: jina, mtoto wa nani, upande gani wa mwembe.

"Na yale ya Kaole, wakiyataka, watamwita nani?"

Nikasema idara inayohusika na mambo ya kale ndiyo yenye dhamana. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akienda Kaole kila mwaka kusoma Fatiha kwenye kaburi moja kati ya yale yenye nguzo, na kwamba alilijua ni la nani. Jina hilo alimwachia binti yake, na binti akamwachia dada wa mzee huyu, ambaye bado yu hai na anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Nikatoa daftari. Akamwita mjukuu aliyekuwa akiparua samaki uani, akamwambia anawe mikono, aende akamwite bibi.